Namfuata Mwakio Visiwani

Azaiba, Muscat

Mama yangu,

Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeshampa mama mkubwa kama kawaida yako? Mimi mwili ni mzima. Barua hii anakuletea Mkamburi, tunayefanya naye kazi saluni, anakuja nyumbani likizo. Isome ukiwa chumbani, peke yako. Kwa simu nisingeweza kuyasema haya bila kulia.

Mama, nimekudanganya. Kila Jumapili ukiniuliza Mwakio anasemaje, nakujibu anakusalimu, yuko kazini, mtandao wa melini ni mbaya. Si kweli. Mdogo wangu hajanipigia kwa miezi saba sasa. Na melini hayuko. Ile meli ya watalii aliyokuwa akipikia ilipofika Messina, kusini mwa Italia, alishuka na begi lake na hakurudi. Alisema bosi wake wa jikoni alikuwa akimpiga. Akaniapisha nisikwambie.

Mara ya mwisho kupiga alikuwa na furaha. Alikuwa amepata kazi ya kuosha vyombo katika mkahawa mdogo. "Dada, ukisimama kwenye dirisha la jikoni unaona mlima katikati ya bahari, unatoa moshi kutwa nzima." Nikamuuliza ni mji gani. Akacheka, akasema jina lenyewe linamshinda kulitamka, ataniandikia. Hakuandika. Tangu hapo namba yake haipatikani.

Kila ofisi niliyopigia simu inaniuliza swali hilo hilo: yuko mji gani? Nami sina jibu ila mlima. Nimefika mahali namsuka mteja huku namuwaza Mwakio. Siku moja nilimvuta binti wa watu nywele hadi akapiga kelele, na Bi Salma, mwenye saluni, akaniita nyuma. Yeye ni Mwomani, lakini wazazi wake walitoka Unguja, kwa hiyo tunaongea Kiswahili. Nikamwambia yote.

Binti yake alikuwepo. Akatafuta kwenye simu, akanionyesha picha. Mlima ni huo huo, unaitwa Stromboli, ni kisiwa. Nililia kwa furaha. Kisha akaniambia unaonekana kutoka visiwa vingine kadhaa, na kutoka miji ya pwani ya bara pia. Furaha ikaniishia hapo hapo.

Basi nikaanza kupanga safari. Nitaanzia Messina, nipande basi hadi Milazzo, nivuke kwa feri hadi Lipari, halafu Salina, halafu Panarea, halafu Stromboli yenyewe. Nikimkosa huko, nirudi bara niende Tropea. Kila mahali nitaingia mikahawa yenye dirisha linalotazama bahari, nionyeshe picha yake. Mwanamke mmoja wa nyumba ya wageni Lipari ameniandikia kwamba wakati wa baridi mikahawa mingi hufungwa, nisije kabla ya Pasaka. Nimengoja, mama. Sijui yeye alikula wapi walipofunga.

Bi Salma alinipinga mwanzoni. "Nna khofu na wewe, mwanangu. Mwanamke peke yako, lugha yao huijui."

"Nitauliza kwa mikono, Bi Salma."

"Na ikiwa mwenyewe hataki kuonekana?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Akanishika bega. Kesho yake aliniandikia barua ya ruhusa.

Kwenye ofisi ya viza nilisema naenda kutalii. Mama mmoja nyuma ya kioo akasoma ratiba yangu, siku mbili hapa, siku moja pale.

"Unasafiri peke yako. Unafuata nini huko?"

"Bahari."

"Hapa Muscat hakuna bahari?"

Mama, nilishindwa. Nikamwambia namtafuta ndugu yangu, machozi yakatiririka mbele ya foleni nzima. Akakusanya karatasi zangu, akaniambia ningoje ujumbe. Siku tisa sikula vizuri, nilijua nimeharibu. Jana pasipoti imerudi, na viza imo. Siku kumi na tano tu. Naondoka Jumanne ijayo.

Sijui nitamkuta. Nakwambia ukweli kwa sababu sina nguvu tena za kubuni maneno yake. Pengine ni mgonjwa, pengine kafungwa, pengine anaona haya. Hata nikiambiwa alikuwepo na ameondoka, angalau nitajua alionekana akitembea. Nisamehe.

Msalimie mama mkubwa, na shangazi wa Mwatate, na mke wa kaka, umwambie nguo za mtoto ziko kwenye mzigo wa Mkamburi. Kwa mchungaji, omba maombi bila kumweleza ni ya nini.

Na baba. Najua tangu Mwakio aondoke bila kuaga hataki kusikia jina lake likitajwa mezani. Usimlazimishe. Lakini fomu ya bima ya safari iliniuliza wampigie nani nikipatwa na jambo, nami nimeandika namba yake, kwa kuwa simu yako haikai na chaji. Huwa hapokei namba asiyoijua. Mwombe, mama, kuanzia Jumanne, namba ngeni ikiita, apokee.

Ni mimi binti yako,
Wakesho