Kundi la Kusubiri

Alhamisi, Nsambya

Utafiti umeharibika, na ajabu ni kwamba sijakasirika.

Mpango wa chuo ulikuwa rahisi. Akina mama wakimbizi wa Kongo wanaokosa usingizi tuliwagawa makundi mawili. Moja linaimba pamoja kila wiki, jingine linasubiri zamu yake bila kuimba, halafu tunalinganisha ni lipi linalolala vizuri. Leo nimeenda Nateete kuwahoji wanaosubiri. Kabla sijabisha hodi kwa Mama Neema, fundi cherehani aliye mmoja wao, nikasikia sauti. Kundi zima la kusubiri lilikuwa mle ndani, linaimba.

"Mama, si tuliwaomba msubiri?"

"Tunangojea, dada. Kungojea kila mtu peke yake kwake kulitushinda, basi tukangojea pamoja."

Nikamuuliza kama analala.

"Siku hizi nalala."

Kesho profesa anayeongoza utafiti atafoka, na mkataba wangu sijui kama... Lakini swali limenikaa kichwani, na kwenye fomu zetu halimo: kinachowapa usingizi ni wimbo, au ni kule kungojea pamoja?

Walipoanza wimbo mwingine, nilipaswa kuwakataza. Nikavuta kiti.