Kuhusu Ombi Lako la Kubaki Barafuni

S.L.P. 3118,
Nairobi.
Jumapili, 15 Januari 2006

Mpendwa mwanangu Mbaluka,

U mzima? Kile kidole kilichoumwa na baridi kimepona kweli, au unanificha nisipate wasiwasi? Unakula nini cha maana huko? Nijibu hayo kwanza, mengine baadaye. Mimi shangazi yako mwili ni mzima. Presha imeshuka, ni goti la kushoto tu linalolalamika. Ila kwa upande wa moyo siwezi kukudanganya. Nyumba hii imekuwa kubwa mno.

Najua utacheka, maana ni chumba kimoja na jiko. Lakini tangu uondoke mwezi wa kumi, nikikohoa najisikia mwenyewe. Bado napika muthokoi wa watu wawili, mkono umeshazoea, na kesho yake nakula kiporo, na keshokutwa kiporo cha kiporo. Leo nimetoka kanisani nikapita njia ndefu ya Lavington, nikitazama kuta za watu na walinzi wao, ili tu nisifike nyumbani Mountain View mapema. Mlinzi mmoja akaniuliza kama natafuta kazi.

Barua pepe yako Janice wa saiba, pale kwenye kompyuta za kukodi, alinichapia Jumatatu, nami nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Kwamba wakubwa wako wanataka ubaki kituoni majira yote ya baridi, miezi minane bila meli na wiki kadhaa bila jua. Kwamba meli ya mwisho itaondoka mwezi wa tatu. Na kwamba hutawajibu mpaka mimi niseme ndiyo au la. Woi, Mbaluka! Mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja, mwenye digrii mbili, unamwuliza muuza omena?

Na mimi nilikuwa na jibu tayari. Jibu lilikuwa la. Rudi nyumbani.

Kwanza hao uduvi wako unaowahesabu huko walikuwa wameniudhi. Nyawira, mke wa mwenye ploti, alinicheka mbele ya chama chote cha kina mama. "Mama Mbaluka, yaani kijana alisoma miaka yote ile akaenda kuhesabu vidudu vya baharini?" Nikacheka pamoja nao. Iliniuma hadi usingizini.

Basi Jumanne nikaibeba karatasi yako hadi soko la Kangemi, nikamsomea Odhiambo akishusha magunia. Unamjua mdomo wake. Miaka kumi na mbili ananiletea omena, visamaki hivi vya kukausha, kutoka ziwani, na mpaka leo hajachoka kunitania kwamba Mkamba kuuza omena ni maajabu ya dunia. Nikamsomea pale unaposema mdudu mwenyewe hapiti urefu wa kidole cha mwisho, na nyangumi mmoja mkubwa humeza kama magunia arobaini kwa siku. Nikamsomea habari za sili mwenye meno kama chujio, na pengwini wanaorudi kutoka baharini matumbo yamejaa uduvi ili wawatapikie watoto wao. Odhiambo akalitua gunia chini. Kisha akasema, "Mama, hiyo ndiyo omena yao."

Hapo nikaelewa. Wewe mwenyewe ulikuwepo mwaka jana ziwa lilipofungwa ili omena wazaane. Meza yangu ilikaa tupu, lakini je, ni mimi peke yangu? Wafugaji wa Uthiru walihangaika na chakula cha kuku, mayai yakapanda bei, na paka wa soko wakaanza kumwibia muuza nyama. Wale kina mama wanaonunua ya shilingi kumi kwa kitoweo wakarudi kwao na sukuma wiki tupu. Kumbe vitu vidogo ndivyo vinavyowabeba wakubwa, nasi tunavipita tu.

Tena afadhali sisi, ziwa hufunguliwa tena. Wewe umeandika kwamba wale uduvi wachanga hukaa chini ya barafu wakati wa baridi, wakikwangua ukijani unaoota huko kama mtoto anavyokwangua ukoko wa sufuria. Na siku hizi barafu inachelewa kuganda na inawahi kuondoka. Pasipo barafu ukoko utatoka wapi? Na waliowahi kuwahesabu wakati huo wa giza ni wachache sana, kwa sababu ni nani atakubali kubaki? Haya, nimeielewa kazi yako. Nilimweleza Nyawira upya, polepole, na safari hii hakucheka. Aliuliza sili anafanana na nini.

Sasa nije kwenye lile ninaloliogopa.

Siku ya kuondoka ulipiga magoti pale mlangoni, ukafungua vifungo vya shati, ukangoja nikutemee mate ya baraka kifuani kama wazee wetu walivyotufanyia, na kama nilivyokutemea ulipoingia sekondari na ulipoenda chuo kikuu. Mimi nikaendelea kupepeta omena. Nikakuambia, "Inuka, teksi itakuacha." Ulifunga vifungo ukaenda. Ulidhani nilikuwa na haraka. Haraka ya nini, Mbaluka? Nilifanya kusudi. Nilijiambia kwamba safari isiyobarikiwa haidumu, kwamba baada ya mwezi utarudi, nami nitapata mtu wa kula naye.

Kisha ukaandika kwamba injini ya mashua ilizima katikati ya barafu, mkalala humo, na kidole kikaganda. Nilikaa chini pale pale saiba. Janice akaniletea maji akidhani ni presha. Mimi nilijua ni kinywa changu hiki. Mchungaji atasema ni ushirikina, na aseme. Nimemwomba Mungu msamaha, sasa nakuomba wewe. Wazazi wako walipofariki sikukuchukua ili uje uniondolee upweke. Nilikuchukua ukue. Nilikuwa mchoyo, mwanangu. Nisamehe.

Ningependa urudi. Sitaki udhani nimezoea, maana sijazoea, na miezi minane mingine itakuwa mirefu. Lakini nenda ukawahesabu.

Dada yako Kaluki anakusalimu kutoka Kitui. Mvua imewakataa huko, uwakumbuke katika maombi. Odhiambo anakusalimu na anauliza kama uduvi wanaweza kukaushwa juani. Wasalimie wenzako wote, hasa huyo mpishi anayekuongezea chai.

Kesho asubuhi Janice atakutumia neno moja kwa kompyuta, BAKI, usije ukakosa kuwajibu kwa wakati. Alitaka anichapie barua hii yote iende hivyo hivyo. Nimekataa, maana mate hayapiti kwenye waya. Bahasha hii itakufikia na meli ya mwisho, hiyo hiyo itakayokuacha. Hapo chini utaona wino umetawanyika. Si machozi. Nimesukutua kinywa, nimelitaja jina lako na la babako, na nimeitemea karatasi hii mara mbili, moja ya safari hii na nyingine ile niliyokunyima. Fungua shati, uiweke kifuani, kwenye ngozi kabisa.

Mwenyezi Mungu akulinde gizani, nami nakupenda kuliko nilivyokuonyesha siku ile,

Shangazi yako,
Mbithe