Kwa Mama Pasi, Aliyedai Kuambiwa

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotutoka, na nyumba bado haijatulia. Baba anafungua dirisha la mbele, analifunga, analifungua tena. Ukimuuliza anatafuta nini, anasema, "Niache kwanza."

Mtaa mzima ulikuita Mama Pasi. Miaka ishirini na sita ulipiga pasi nguo za watu kwenye chumba kile cha mbele, redio ikiongea nawe ukiijibu. Shati likija bila kifungo, ulishona kingine, na mwenyewe hukumwambia. Bwana harusi mmoja alikuletea suti, ukamrudishia ukisema, "Hii nimeinyoosha mimi. Wewe utanyooshwa na mkeo."

Ulienda kupigwa picha ya matiti bila kusukumwa na mtu. Barua ikaja: hakuna tatizo lililoonekana. Ulitusomea yote kwa sauti, hadi tarehe na sahihi. Miezi tisa baadaye, ukioga, mkono wako ukakutana na uvimbe.

Tulirudi kliniki pamoja. Daktari alifungua faili, akatuonyesha mstari mmoja. Tangu siku ile ya kwanza ilikuwa imeandikwa mle kwamba matiti yako yana tishu nzito. Kwenye picha tishu hiyo hutoka nyeupe, na uvimbe nao hutoka mweupe, hivyo uvimbe unaweza kujificha usionekane.

"Mbona sikuambiwa?" ukauliza.

"Mama, wanawake wengi wako hivyo. Si ugonjwa. Hatukutaka kukutia hofu."

"Hofu ni yangu, mwanangu. Ungenipa niibebe mwenyewe. Ningeomba kipimo kingine."

Daktari akakuandikia kipimo cha uvimbe, na majibu yakasema ni saratani.

Ungeambiwa, ungekuwa nasi leo? Hatujui, Mama. Swali hilo linatufuata kazini, sokoni, linakaa nasi mezani.

Wewe hukukaa kulia. Kila siku ya dawa ulifika mapema, ukaketi kwenye benchi la wanawake wanaosubiri picha, ukawaambia mmoja mmoja: "Ukipewa majibu, dada, uliza na tishu zako zikoje." Nesi mkuu akalalamika kwamba unawatisha wagonjwa. Ukamjibu, "Basi waambieni nyinyi, mimi nikapumzike."

Ukamwandikia mganga mkuu mara tatu, hakujibu. Barua ya nne ulimpelekea mkononi, ukasimama mlangoni mpaka akaisoma. Wiki kumi na moja kabla hujaondoka, majibu ya picha yalianza kutoka yakiwa na aya mpya, kwa lugha ya kila mtu: kama tishu zako ni nzito, maana yake ni nini, na uzungumze na daktari kuhusu kipimo cha ziada.

Miezi mitano iliyopita Mama Mdogo alipata barua yenye aya hiyo. Alitaka kuichana. Nikamwambia, "Vaa viatu, twende." Altrasaundi ikaona kitu kidogo, kama punje ya mchele, ambacho picha haikukiona. Kimetolewa. Jumatatu iliyopita amerudi darasani kufundisha. Analia huku anacheka, anasema dada yake hata akiwa kaburini bado anamwamrisha.

Unakumbukwa na mumeo, sisi wanao watatu, wajukuu zako, mdogo wako aliye mzima, kaka zako, wakwe zako, na wanawake wa lile benchi ambao hata majina yao hatuyajui.

Hutatutoka moyoni, Mama. Na kuuliza hatutaacha.