Asilimia Zangu Ukutani

Jumatatu, 4 Machi

Wametundika televisheni kwenye korido. Si ya habari wala mpira — ni ya sisi. Kila programu inayoendeshwa kwenye seva ya mamlaka ya maji sasa ina mstari wake ukutani, jina la mwenye nayo pembeni, na asilimia: inaishughulisha prosesa, ubongo wa seva, kiasi gani. Chini kijani, katikati njano, juu nyekundu.

Mkuu wa kitengo alitukusanya chini ya televisheni hiyo kabla ya chai. Alisema amechoka kuuliza watu wanafanya nini, sasa atajionea mwenyewe. "Nyekundu ni jasho." Alikuwa na uso wa mtu aliyenunua gari jana.

Mimi ni nyekundu. Programu yangu inakokotoa mtiririko wa maji kwenye mabomba ya mji mzima, na hula prosesa kuanzia asubuhi hadi mchana. Chapchap alikuwa njano iliyofifia. Yeye anaandaa ripoti za mita. Jina hilo tulimpa kwa sababu hakuna kitu anachomaliza. Sote wawili tuko kwa mkataba. Nafasi ya kudumu ni moja.

Najua asilimia ile haipimi jasho. Ni somo la muhula wa kwanza kabisa chuoni. Prosesa inaweza kujaa kwa sababu kazi ni kubwa, au kwa sababu aliyeandika programu ni mjinga, na mstari ukutani hauwezi kukuambia ni ipi kati ya hizo. Najua. Na bado leo nimepita kwenye ile korido mara kadhaa bila haja ya kwenda popote.

Aibu tupu!

Alhamisi, 7 Machi

Nimeipata! Nimeipata!

Muda mrefu kuna kitu kilikuwa kinanikera: kwa nini hesabu zangu zinachukua asubuhi nzima? Leo nikaacha kubahatisha. Niliitaka mashine yenyewe inionyeshe muda unaishia sehemu gani ya programu. Nilikuwa na hakika ni kwenye milinganyo ile migumu, ile ninayojivunia. Wapi! Ilikuwa mahali pa kipuuzi kabisa. Kwa kila bomba, programu inaisoma upya orodha nzima ya valvu za kufungia maji, tangu mwanzo. Kama mtu anayekoroga chai huku akirudi dukani kwa kila chembe ya sukari.

Nimeirekebisha isome mara moja tu. Majibu ni yale yale hadi tarakimu ya mwisho. Kazi ya asubuhi nzima sasa inaisha kabla sijavua viatu chini ya meza. Nilicheka peke yangu, mkono mdomoni. Hapakuwa na wa kumwambia. Chapchap alikuwa ameziba masikio na muziki wake. Mama angeuliza kama wataniongeza mshahara.

Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika, na kinafanana na kutofanya kitu.

Mstari wangu uliruka mara moja saa za asubuhi, kisha ukalala chini. Kijani. Sikujali. Kweli sikujali.

Ijumaa, 8 Machi

Mama wa usafi alikuwa anapiga deki chini ya televisheni. "Mwanangu, leo hujaamka? Mstari wako bado uko kitandani." Tukacheka wote wawili.

Mkuu hakucheka. Alikuja hadi mezani kwangu akaegemea kwa mikono miwili.

"Binti, kuna tatizo nyumbani?"

Nikamweleza. Taratibu, kwa heshima, bila neno moja gumu. Kwamba kazi ni ile ile, majibu ni yale yale, ila njia ni fupi. Kwamba asilimia ndogo hapa ni habari njema. Alinisikiliza kama anavyosikiliza redio ya jirani.

"Kwa hiyo unamaliza asubuhi. Halafu?"

"Halafu nasoma matokeo, Mkuu. Nafikiri."

"Kufikiri hakuonekani pale," akasema, kidole kimeelekea koridoni. Akaondoka.

Nimefika nyumbani nikiwa bado nairudia sentensi hiyo. Mbaya zaidi ni kwamba hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ananihurumia.

Jumatatu, 11 Machi

Chapchap ni nyekundu! Mia kwa mia, Jumamosi na Jumapili yote, mstari ulionyooka kama uzi wa fundi ujenzi. Mkuu amempiga bega mbele za watu.

Nilitilia shaka unyoofu wenyewe. Kazi ya kweli hupanda na kushuka: inasoma, inasubiri, inakokotoa, inaandika. Nikaitazama programu yake kwa karibu. Haisomi faili lolote. Haiandiki chochote. Prosesa imejaa na hakuna kinachotoka. Nikaelewa. Inasubiri faili la mita kutoka kituo cha mbali, na badala ya kulala hadi lifike, inauliza: limefika? limefika? limefika? Mamilioni ya mara, bila kupumua. Na faili haliji, kwa sababu kituo hicho kimefungwa kabisa tangu Ijumaa.

Nilidhani ni kosa tu. Kwa kweli nilikwenda kumsaidia! Nikamwambia aongeze mstari mmoja tu, programu ipumzike kati ya swali na swali. Akatazama skrini, akanitazama, nikaona kabisa jambo linamwingia kichwani.

"Ina maana haifanyi kitu?"

"Haifanyi kitu."

"Na Mkuu hajui?"

Akashusha sauti. "Sista, nakuomba. Iache tu hivyo. Mimi sikuiandika hivyo makusudi, Mungu anajua. Lakini nikishaiona baraka niifukuze?" Akacheka. Mimi sikucheka. Akaninunulia soda, na mimi nikainywa.

Kabla ya leo alikuwa mzembe. Sasa ni mwongo, na mimi ndiye niliyemfundisha.

Jumanne, 12 Machi

Tangazo. Ijumaa wanakuja wageni kutoka makao makuu, na siku hiyo hiyo Mkuu atapeleka jina moja la nafasi ya kudumu. Mkataba wa mwingine utaisha na mwezi. Kigezo? "Kipo ukutani, kila mtu anakiona." Watu wakapiga makofi. Kweli — makofi!

Jioni Mama alikuwa anakunja nguo. Nikamwambia yote. Nilitaka akasirike pamoja nami. Akaendelea kukunja.

"Wao wanataka nini?"

"Nyekundu."

"Basi wape nyekundu."

"Mama, huo ni uongo."

"Uongo umemwambia nani? Wameiuliza mashine, mashine itawajibu." Akanitupia shuka tulikunje wote, ncha kwa ncha. "Wewe mtoto una akili za kumwaga, lakini hujui kuishi na watu. Miaka yote ile ya shule, ili uje ukae na mimi hapa tuhesabu mbao za dari?"

Ninachokichukia ni kwamba nilikuwa nimeshaiandika programu hiyo kichwani. Mistari mitatu. Nilikuwa nalikunja shuka huku naiandika.

Jumatano, 13 Machi

Nimefanya. Hesabu zangu zinaisha asubuhi kama kawaida, halafu programu inaanza kuzunguka patupu, kwenye kila kona ya prosesa. Inajumlisha moja na moja, inalitupa jibu, inajumlisha tena.

Mia kwa mia.

Mkuu alipita na kikombe chake. "Umerudi!" Kwa furaha kabisa, kama ya baba.

Kitu bora nilichowahi kuandika kilinifuta ukutani. Takataka hii imenirudisha. Sina la kuongeza.

Alhamisi, 14 Machi

Chapchap aliponiona nimepanda alifungua nakala mbili zaidi za programu yake. Nami nikaongeza. Hatujaambiana neno siku nzima — tunashindana kusukuma hewa, watu wazima wawili wenye shahada. Seva inanguruma hadi mlango wa chumba chake unatetemeka. Ofisi ya ankara imelalamika kwamba bili za wateja hazichapiki: programu yao inapanga foleni kusubiri prosesa, na prosesa tumeikalia sisi.

Mkuu akaniita. Si Chapchap — mimi. "Kesho kabla ya wageni nataka tusafishe mashine. Wewe ndiye unayeijua. Nadhani jina lako litaenda juu, lakini usimwambie mtu." Akaniomba nikae. Hajawahi kuniomba nikae.

Nilitoka mle ndani natabasamu. Nimejiona kwenye kioo cha mlango.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika mezani, shajara iko chini ya kibodi. Lazima niandike, la sivyo nitapiga kelele.

Asubuhi Mkuu alinipeleka mbele ya televisheni. Akaonyesha mstari wa chini kabisa, ulionyooka karibu na sifuri.

"Huu ni wa nani?"

Nikamwambia. Ni programu ya onyo. Iliandikwa na mhandisi aliyestaafu, inalinda bomba kuu linaloshuka kwenye makazi ya bondeni. Presha ikishuka chini ya tatu, dalili kwamba bomba limepasuka, inapiga kengele kule kituoni na mtu wa valvu anafunga maji kabla hayajaingia majumbani. Muda mwingine wote inalala, kwa hiyo haigusi prosesa. Ndivyo inavyotakiwa.

"Mara ya mwisho kupiga ni lini?"

"Mwaka juzi, Mkuu."

Akacheka kwa pua. "Mwaka juzi! Binti, watu wanalia bili hazitoki, na huyu amelala hapa tangu mwaka juzi? Zima."

Nikamwambia kumzima aliyelala hakumpi mtu nafasi, kwa sababu hakalii kitu. Akaniuliza, kwa upole ule ule, "Sasa nani anayeikalia?"

Hapo ndipo. Hapo hasa. Jibu lilikuwa maneno matatu: mimi na Chapchap. Nilifungua mdomo. Mstari wangu ulikuwa juu ya kichwa chake, mwekundu.

"Nitaangalia, Mkuu," nikasema.

"Usiangalie. Zima. Wageni wakiona mstari mfu pale wataniuliza mimi. Nikirudi niukute haupo."

Nimeizima. Nimejiambia ni hadi wageni waondoke tu. Kabla ya kuizima nilimpigia mtu wa valvu akae macho. Simu yake haipatikani. Nimempigia tena. Haipatikani. Kisha nikapunguza programu yangu kidogo, kidogo tu, ili bili zitoke. Zikatoka. Mkuu akawaambia ofisi ya ankara, "Mmeona? Tulikuwa tunafuga wavivu."

Chapchap akainama kwenye meza yangu. "Sista, tulia. Ni programu tu. Nani atajua?"

"Mimi."

"Basi wewe na mimi. Tumeshazoea." Akarudi kwenye kiti chake.

Siwezi kuiwasha sasa. Wageni wamesimama chini ya televisheni na vikombe vyao. Mstari ukirudi utarudi mbele ya macho yao. Kwa hiyo nimefungua kipimo cha presha cha bomba kuu kwenye skrini yangu, na nakitazama mwenyewe. Tatu nukta sita. Naandika sentensi, natazama. Tatu nukta sita. Ikifika tatu nitasema. Nitasimama hapa hapa nipaaze sauti, liwalo na liwe.

Tatu nukta nne. Si kitu. Saa za mchana hushuka, watu wanapika, wanafua.

Nimempigia mtu wa valvu. Haipatikani.

Namsikia Mkuu koridoni akiwaeleza: huyu binti, mnaona mstari wake, tangu Jumatano haujashuka, anafanya kazi kuliko wanaume. Wanacheka. Mmoja wao anauliza kama nimeolewa.

Tatu nukta tatu. Siku nyingine mchana hufika wapi? Sikumbuki. Sijawahi kuitazama. Kulikuwa na kitu cha kuitazama kwa ajili yangu.

Mkuu amechungulia mlangoni. "Binti, njoo. Picha. Wanataka upige nao mbele ya televisheni."

"Dakika moja, Mkuu."

"Wageni hawasubiri, mwanangu. Acha hiyo."

Ameniita mwanangu. Wamepanga viti. Chapchap anavuta kola yake vizuri, labda naye ataitwa. Kutoka pale waliposimama skrini yangu haionekani.

Tatu nukta mbili.

Tatu nukta moja.

Ananiita tena —