Mama Apolonia na Mvinje wa Masingini

Mwaka umetimia, Mama yetu Apolonia, tangu ulipotutoka hapa Kikwajuni, zikiwa zimebaki wiki chache kufika Krismasi ya 1971. Leo shukrani zimezidi machozi, ingawa machozi nayo hayajakauka.

Ulizaliwa milima ya Uluguru, na huko ndiko ulikozoea kupanda na baba yako kukata mti wa Krismasi. Unguja hukukuta milima. Ukakitazama kilima cha Masingini, ukasema, "Mlima mdogo nao ni mlima." Basi kila mkesha tulikufuata na panga kutafuta mvinje mchanga, nawe ukituimbia nyimbo za Kiluguru ambazo nusu yake hatukuzielewa.

Cherehani yako ilishona sare za watoto wa mtaa mzima. Ulizungumza na pini mdomoni, nasi roho juu tukidhani utaimeza. Vipande vya kitambaa hukuvitupa. Viliwavika watoto wa bandia wa kila baraza.

Mwaka 1967 Krismasi iliangukia ndani ya Ramadhani. Tulikuwa tukiteremka na mti wetu tukamkuta Usi, mwenye gari la ng'ombe, kalala kando ya njia. Gurudumu lilikuwa limempanda mguu, mfupa umevunjika. Ukampa maji.

"Nimefunga, bibi," akasema, meno kayauma kwa maumivu.

"Basi sikulazimishi. Lakini jikaze, ntakuumiza."

Ukaukata mvinje wetu vipande, ukamnyoosha mguu, ukaufunga navyo kwa kanga yako. Binti yako Skolastika akaangua kilio: "Mama, mti wetu!" Ukamjibu bila kuinua kichwa, "Mti umepata kazi kubwa zaidi." Tukamlaza Usi garini, ukashika kamba mwenyewe mpaka hospitali, nawe ng'ombe ukiwaogopa toka utotoni.

Kesho yake, tukijiandaa kupakua, akaja Mwatima, mkewe Usi, kushukuru, na pakacha la mihogo na nazi. Harufu ya pilau ilikuwa imetutesa asubuhi nzima. Ukaifunika sufuria. "Mgeni wetu amefunga. Tutakula naye maghribi." Baba akanung'unika kidogo, kisha akatoka kutafuta tende. Mkaingia jikoni wawili nyinyi, na vicheko vyenu vikasikika mpaka njiani. Adhana ilipolia tukala pamoja, pilau na mihogo ya nazi. Hatujapata Krismasi tamu kama ile isiyokuwa na mti.

Usi alipona, akawa anachechemea, na toka hapo hatukupanda Masingini bila yeye.

Mwaka jana, baada ya kukuzika, tulikubaliana kwamba mti hatukati. Mkesha ulipofika tukasikia hodi. Ni Usi na Mwatima, mvinje begani.

"Nyumba ya Bi Apolonia haikai bila mti, na mie nkiwa hai," akasema Usi. Baba akalia, kisha akacheka, mara ya kwanza tangu uondoke.

Mwezi wa Agosti mwanao Dionisi kapata binti. Tumemwita jina lako, na ana sauti, Mama, mtaa mzima unamjua. Mkesha huu atapanda kilima mgongoni kwa mama yake.

Unakumbukwa na mumeo Severini, wanao Skolastika na Dionisi, mkweo Yustina, mjukuu wako Apolonia, dada zako wa Uluguru, na Usi na Mwatima, ambao ni ndugu zetu kwa mkono wako.

Asante, Mama. Maisha yetu yote tutakukumbuka.