Isale la Babu Ulingoni

Mchafukoge, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi cha Bibi kimeachia? Hapa joto limetukausha midomo, lakini mimi ni mzima, na Mama mdogo ananitunza kama mtoto wa tumbo lake. Nimeandika kwa sababu nikipiga simu unaweka spika ili Bibi asikie, na Baba naye huwa yupo. Haya ni ya macho yako peke yako. Barua itakuja na jirani yetu anayesafiri kesho kwenda Moshi.

Unajua Baba mdogo alivyokuwa tangu goti limtoe kwenye mpira. Miaka miwili aliuza jezi Kariakoo. Wateja walimtambua, wakamuuliza kama si yeye yule winga wa kushoto, kisha wakanunua jezi yenye jina la mtu mwingine. Mwaka huu promota mmoja akamwingiza kwenye mieleka, ile ya maonyesho ambayo mshindi hupangwa kabla. Kila Jumamosi mchana anapigana katika ukumbi mmoja Magomeni, na mapambano ya wenzake anayatangaza kwenye maikrofoni. Kutangaza anajua, Mama, hilo sitamnyima. Mimi ndiye niliyekuwa namwandikia misemo kwenye daftari, na nilikuwa najivunia nikisikia watu wanacheka.

Ila ulingoni promota alimpangia awe mtu mbaya, na mtu mbaya lazima awe na hila ya kwake, ambayo watu watamchukia nayo.

Jioni moja akaniuliza habari za isale, jani letu la kuombea msamaha. Aliondoka nyumbani akiwa mdogo kufuata mpira, kwa hiyo mengi amesahau. Jani linafungwaje fundo? Unalitoa ukiwa umesimama au umepiga magoti? Unasema nini? Nilidhani anajiandaa kuja Desemba kumwomba Baba msamaha kwa kutokuja kumzika Babu, kama alivyoniahidi. Nikamfundisha yote niliyofundishwa na Bibi, kwamba ukiletewa isale husemi hapana, hata kama aliyekukosea amemwaga damu. Nikayaandika na daftarini ili asisahau. Ndiyo maana nilikuomba jani, nawe ukalikata pale kaburini kwa Babu, ukalilaza juu ya ndizi kwenye boksi.

Jumamosi iliyopita nilienda ukumbini na Mama mdogo. Baba mdogo alikuwa anapigwa. Mara akapiga magoti, akatoa jani kifuani, limefungwa fundo vizuri kabisa. Mtangazaji mwenzake akawaeleza watu maana yake kwa maneno yangu ya daftarini, neno kwa neno. Ukumbi ukanyamaza. Mpinzani wake akanyoosha mikono kulipokea, Baba mdogo akainuka, akampiga teke la tumbo, akamlalia, refa akahesabu hadi tatu. Watu walizomea, wakarusha chupa za maji. Walipotoka nilienda kulitafuta lile jani. Mfagiaji akaniambia takataka zote zimeshatoka.

Sasa wapagazi wa Kariakoo wakimwona wanapiga magoti na jani la mchicha. "Bosi wangu, nisamehe," kisha wanarusha teke hewani, naye anacheka nao. Promota amesema watu wameongezeka, kwa hiyo hila ibaki. Video imeenea kwenye simu. Sijui kama imefika huko.

Nilimuuliza, Mama. Nilimuuliza kwa nini alichukua lile la kaburini, asichukue jani lolote la barabarani.

"Ulingoni si mimi, Aika. Kila mtu anajua ule ni mchezo."

"Baba naye anajua?"

Akasema Baba hakuwahi kuja kumwona uwanjani hata siku moja, na kwamba sasa angalau watu wanamjua tena.

Mama mdogo, ambaye alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa. "Wanakujua kwa kukuzomea."

"Bora wazomee kuliko wapite tu," akamjibu.

Nilimwonea huruma, na wakati huohuo sikutaka kumtazama.

Bado anasema Desemba atakuja. Ameniagiza nikuombe ukate isale jingine, palepale kaburini. Ombi lake nimelifikisha kama alivyolisema. Sasa la kwangu, Mama: usilitume. Akija nalo, Baba atalazimika kulipokea, na mimi nikiwa nimesimama pale sitajua anayepiga magoti ni Baba mdogo au ni yule wa Magomeni. Naye Baba hatajua. Aje mikono mitupu. Amwambie Baba kwa mdomo wake alikuwa wapi siku tulipomzika Babu, na Baba awe huru kumkatalia.

Msalimie Bibi. Akiuliza kama jani lilifika, mwambie lilifika. Huo si uongo. Nisalimie dada yangu na shemeji huko Marangu, na Mjomba wa kwaya. Baba mwambie mtihani wa Kiswahili nimekuwa wa kwanza kidato kizima. Zaidi ya hapo usimwambie kitu.

Ni mimi bintiyo ninayekukumbuka kila siku,
Aika