Paneli Zililipa Jua Kisogo

Shoga, nimefanya jambo la aibu.

Ile setilaiti yetu, ndogo kama mkate, betri ilikuwa inaisha. Bosi akamgeukia fundi wa betri mbele yetu sote: "Kusanya vitu vyako." Kaka wa watu akainama tu.

Nikafungua programu yangu, ile inayoigeuza ilielekee jua. Niliweka alama ya kutoa penye kujumlisha. Paneli zilikuwa zimelipa jua kisogo.

Nikanyamaza. Dakika arobaini, shoga. Nimenyamaza.

Ndipo nikasema kosa ni langu. Setilaiti ilipopita juu yetu tukairushia marekebisho, ikageuka, chaji ikapanda. Watu wakanipongeza. Mimi.

Nikamfuata kaka, nikamwomba radhi. Akasema taratibu, "Sawa. Ila nimeshampigia mama watoto, nikamwambia nimeiua setilaiti."